Mavazi ya Kigori: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Nguo za Mabinti wa Miaka 9 hadi 12

Kiswahili kina neno kigori kwa msichana ambaye hajavunja ungo lakini utoto umeanza kumuaga. Neno tunalo, nguo za umri huo ndizo adimu. Mzazi anayeingia Kariakoo na binti wa miaka 11 hukuta upande mmoja magauni ya wavu yenye maua na vipepeo, yaliyoshonwa kwa mtoto wa miaka 6, na upande wa pili vitopu na sketi za kubana zilizoshonwa kwa msichana wa miaka 20. Katika pengo hilo zimeota dhana nyingi, nyingine za kupoteza fedha tu na nyingine za kumuumiza mtoto mwenyewe. Nimekaa kwenye cherehani kwa miaka, na nimewavusha umri huo mabinti wangu wawili na mpwa mmoja, kwa hiyo dhana hizi nazifahamu kwa karibu. Baadhi nilikuwa nazo mimi mwenyewe.

Dhana: Angalia umri ulioandikwa kwenye lebo

Lebo huandikwa kwa desturi ya nchi ambako nguo ilikusudiwa kuuzwa. Nguo ya mtumba iliyotoka Uingereza huandikwa umri, kwa mfano 9–10 au 11–12. Iliyokusudiwa Ujerumani au Uholanzi huandikwa urefu wa mtoto kwa sentimita, yaani 134, 140, 146, 152, zikipanda kwa sita sita. Ya Marekani huwa na namba kama 10, 12 au 14, ambazo ni namba za saizi na si umri wala sentimita. Nguo mpya kutoka China mara nyingi huandikwa 130, 140 au 150, ambao ni urefu pia, ingawa si kila kiwanda kinaheshimu kipimo chake. Robota moja la mitumba linaweza kuwa na desturi zote hizi kwa pamoja, na muuzaji aliyelifungua asubuhi hiyo hana namna ya kuzitenganisha.

Hata lebo zote zingekuwa za aina moja, umri hauelezi mwili. Kwa vipimo vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, msichana wa miaka 10 aliye katikati ya wenzake ana urefu wa karibu sentimita 139, wa miaka 11 karibu 145, na wa miaka 12 karibu 151. Hao ni wa katikati tu. Wasichana wa miaka 10 wenye afya njema hupatikana kuanzia takribani sentimita 126 hadi 151, maana yake wawili wanaokaa dawati moja wanaweza kupitana kwa sentimita 25, na hakuna kati yao aliye na kasoro. Mama anayemwambia binti yake mbele ya watu, "Mbona nguo ya umri wako haikuingii?" anamtwika mtoto kosa la kiwanda.

Kinachosaidia ni futikamba. Mpime urefu akiwa hana viatu, kisha kifua, kiuno, nyonga, na mguu kwa ndani kutoka kwenye paja hadi kifundo. Andika vipimo hivyo kwenye simu pamoja na tarehe, na urudie kila baada ya miezi mitatu au minne. Sokoni ambako hakuna chumba cha kujaribia, nenda na nguo yake moja inayomkaa vizuri, uilaze juu ya ile unayotaka kununua, bega kwa bega na kwapa kwa kwapa.

Dhana: Nguo za watoto zikimbana, mnunulie saizi ndogo ya wakubwa

Hii niliiamini mpaka siku niliyompeleka mpwa wangu mwenye miaka 11 kwenye vibanda vya mitumba vya soko la Karume kutafuta gauni la Idd. Za watoto zilimfika juu ya magoti, nikachukua gauni la kike saizi ndogo, akalivaa pale pale juu ya nguo zake. Kiunoni lilimkaa, urefu ulitosha, na mimi nikaanza kupatana bei. Nilipogeuka nikamwona amekunja mikono kifuani, na hakuiachia tena. Shingo ya gauni ilishuka, na mahali palipokatwa kwa ajili ya matiti ya mtu mzima pametuna kama mfuko mtupu. Alisema neno moja tu: "Mama mdogo, twende."

Nguo ya mtu mzima haikukatwa kama ya mtoto na kuongezwa ukubwa. Kifuani ina mikunjo iliyoshonewa ndani ili kutengeneza nafasi ya matiti, kwapa lake limechongwa chini zaidi, na shingo imekadiriwa kwa mabega mapana. Binti wa umri huu anaweza kuwa na miguu na mikono mirefu kama ya mama yake huku kiwiliwili kikiwa bado cha kitoto, kwa sababu mwili unapoanza kubalehe, miguu na mikono hutangulia kurefuka na kiwiliwili hufuata baadaye. Ndiyo maana nguo ya mkubwa humtosha urefu na kumwacha wazi kifuani.

Wengi hawajui kwamba nguo za watoto haziishii miaka 12. Za Uingereza huendelea hadi 13–14 na 15–16, na za nchi nyingine za Ulaya hufika sentimita 164 au 170, zote zikiwa bado zimekatwa kitoto. Shida ni kwamba vibandani hutundikwa pamoja na za kina mama, kwa hiyo inabidi kuzichambua lebo moja moja. Mashati na fulana za wavulana nazo ni msaada mkubwa, kwani hazichori umbo.

Na yupo fundi. Yadi tatu za kitenge cha pamba zinamtosha binti wa umri huu gauni lenye mikono na sketi ya nafasi. Tatizo ni kwamba mafundi wengi hushona kwa kutazama karatasi ya mitindo iliyobandikwa ukutani, na mitindo yote pale ni ya wanawake waliokomaa, yenye kifua cha kubana na mpasuo nyuma. Usimwachie fundi aamue. Mwambie waziwazi kwamba unataka kiuno cha lastiki, kifua kisichobanwa, shingo inayoishia karibu na mfupa wa mtulinga, na pindo refu.

Dhana: Chukua kubwa, atalikulia

Hapa kuna ukweli nusu. Msichana anapofika kilele cha kurefuka huongezeka takribani sentimita 8 kwa mwaka, na hakuna mzazi wa kawaida anayeweza kununua kabati jipya kila baada ya miezi sita. Lakini nguo iliyozidi mabegani huteleza na kumwacha wazi, na binti hushinda siku nzima akiivuta. Ukubwa wa akiba unatakiwa uwe mahali panapoweza kufunguliwa, kama vile kwenye pindo, kwenye lastiki ya kiuno au kwenye marinda. Begani na shingoni nguo inatakiwa imkae leo.

Sketi ya shule ya binti yangu mkubwa bado ninayo. Niliacha pindo la sentimita 12 nilipoishona, nikawa nalishusha kidogo kidogo. Ukiitandaza utaona mistari miwili iliyopauka pale pindo lilipokunjwa na kusuguliwa, na kati yake kitambaa kina bluu ile ile ya dukani. Aliivaa darasa la tano, la sita na la saba.

Viatu havifuati kanuni hii. Nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole inatosha. Kiatu kilichozidi mguu wake kwa namba mbili humwangusha.

Dhana: Nguo ikiwa ndefu, ni ya heshima

Urefu ni kipimo kimoja tu, na mara nyingi si kile kinachomsaliti mtoto. Kigori hukimbia, huruka kamba, hupanda daladala, hukaa sakafuni na kuinama kuokota penseli. Gauni linalofika kwenye vifundo lakini lina kwapa pana humwacha wazi kila anapoinua mkono. Dera la kitambaa chepesi huonekana zito chumbani, na likipigwa na jua la saa nne huonyesha kila kilichomo. Kabla ya kulipa, mwombe ainue mikono yote miwili, achuchumae, akae, ainame. Kisha ishike nguo uielekeze kwenye mwanga uone kama mkono wako unaonekana kwa upande wa pili. Majaribio haya yanachukua chini ya dakika mbili, na nguo nyingi zinazosifiwa kwa heshima hushindwa hapo.

Kwa familia zinazomvisha binti baibui, ukataji ni ule ule: liishie kwenye kifundo, lisiburute, kwa maana mtoto anayekanyaga pindo lake kwenye ngazi huumia. Taiti fupi ya pamba chini ya sketi humpa binti uhuru wa kucheza bila kushikilia nguo, na hedhi ya kwanza ikimkuta shuleni humpa utulivu zaidi. Shati jeupe la shule ni suala jingine. Tumezoea kumvisha singlendi nyeupe ndani yake, wakati nyeupe chini ya nyeupe huonekana sana juu ya ngozi nyeusi. Singlendi ya kahawia iliyo karibu na rangi ya ngozi yake haionekani kirahisi, pale kanuni za shule zinapoiruhusu.

Dhana: Sidiria mapema humfanya mtoto akue haraka

Matiti kwa kawaida huanza kuchomoza kati ya miaka 8 na 13, na homoni ndizo zinazoanzisha mabadiliko hayo. Kitambaa hakiyaharakishi wala hakiyazuii. Mara nyingi upande mmoja hutangulia mwingine, na chini ya chuchu hujitokeza kijinundu kinachouma kikiguswa. Nimeona kina mama waliokimbilia hospitali wakidhani ni uvimbe. Yakianza kabla ya miaka 8, hapo ni vizuri daktari amwone. Vinginevyo hedhi hufuata kwa kawaida miaka miwili au mitatu baadaye, kwa hiyo huo ndio wakati wa kuzungumza naye kwa utulivu.

Binti anayeumwa kifua anahitaji kitopu laini cha pamba, kisicho na waya wala sponji. Sponji ndiyo ninayoikataa kwa nguvu zote. Zipo sidiria za saizi ya mtoto zilizowekewa sponji nene, nazo humpa umbo ambalo bado hana na kumvutia macho ya watu ambayo yeye hayatafuti. Kosa la upande wa pili ni kumfunga kifua kwa kitambaa ili kisionekane: humletea maumivu, humbana pumzi, na humfundisha kuuonea aibu mwili usio na hatia. Nguo za ndani zinunuliwe mpya. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba kwa sababu za kiafya, ingawa bado zinapangwa kwenye meza za sokoni.

Dhana: Nguo ndiyo inayomletea mtoto balaa

Dhana hii huzungumzwa kwa nia ya kulinda, na ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote nilizozitaja. Watoto hudhuriwa wakiwa na sare za shule, baibui na hata nguo za kulalia, na wengi wao hudhuriwa na watu wanaowafahamu, ndani ya nyumba wanazozizoea. Binti aliyeambiwa kila siku kwamba kaptula yake itawaponza wanaume, siku akiguswa vibaya atajiuliza alikuwa amevaa nini, na hatasema. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na wajibu wa kumlinda umewekwa juu ya watu wazima. Mwambie hivyo kwa maneno yake mwenyewe, na umwonyeshe kwamba namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure.

Tunamchagulia nguo ya umri wake kwa sababu anastahili kumaliza utoto wake akiwa huru kukimbia. Sababu hiyo inajitosheleza.

Dhana: Ukimuuliza mtoto, umemharibu

Mzazi hubaki na mamlaka yake anapochambua nguo tatu zinazofaa na kumwachia binti achague moja. Anayechaguliwa kila kitu hadi miaka 12 huanza kuchagua kwa siri akifika 13, mara nyingi kwa kuazima kwa wenzake. Jambo moja tu lisiachwe mikononi mwake, nalo ni maandishi kwenye fulana za mitumba: yasomeni pamoja, na kama hamuyaelewi, muulize anayejua lugha hiyo kabla ya kulipa. Nimewahi kuona fulana ya mtoto kanisani ambayo mama yake angejua maana yake asingeivumilia hata kuipigia deki.

Siku ile ya Karume hatukununua gauni lolote. Tulirudi na shati la drafti la kivulana, saizi 152, na yadi tatu za kitenge cha njano ambazo nilizishona usiku, siku mbili kabla ya Idd. Rangi alichagua mpwa wangu. Mifuko pia aliidai mwenyewe, miwili, yenye kina cha kuzamisha mkono hadi kifundo, na alipolivaa gauni asubuhi ya sikukuu mikono yake ilikuwa humo mifukoni.