Kitanzi cha athi: kwa nini spika za gari hulia ukikanyaga mafuta

Unaweza kununua amplifaya nzuri, wufa (spika ya besi) ya inchi 12 na kompyuta ndogo ya kuendesha muziki, ramani na kamera ya nyuma, ukafunga kila kitu kwa usafi, kisha ukapiga stati na kusikia mlio mwembamba ndani ya spika. Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Hata muziki ukiuzima, mlio uko pale pale. Hapa Malindi wengi hulaumu spika, wengine amplifaya, na wapo wanaorudi dukani kubadilisha kompyuta. Mara nyingi vifaa vyote ni vizima. Kinacholia ni kitanzi cha athi, na athi ni njia ya hasi ambayo mkondo hurudi nayo kwenye betri.

Kitanzi cha athi ni hali ya vifaa viwili kuunganishwa na athi kwa njia zaidi ya moja, huku njia hizo zikiishia mahali penye volteji zisizolingana. Tofauti hiyo, hata ikiwa ndogo mno, inasukuma mkondo kupitia waya wa sauti. Amplifaya haijui muziki ni upi na uchafu ni upi, inavikuza vyote.

Ukitaka kuusikia bila kutumia senti, chomeka simu kwenye chaja ya gari na wakati huo huo iunganishe na redio kwa waya wa AUX. Kwenye magari mengi utasikia mlio. Chomoa chaja, unanyamaza. Simu ilikuwa na njia mbili za kufika kwenye athi, moja kwa chaja na nyingine kwa AUX, na ulipochomoa chaja umebakisha moja.

Sasa tuitazame athi yenyewe, kwa sababu hapo ndipo mambo huharibika. Kwenye magari ya leo ncha hasi ya betri hufungwa kwenye bodi. Taa, honi, pampu ya mafuta, redio: kila kimoja kinapata chanya kwa waya wake, kisha mkondo unarudi kwenye betri kupitia chuma cha bodi. Tumezoea kuihesabu bodi kuwa sufuri kila mahali, kana kwamba sufuri ya kwenye buti na ya kwenye boneti ni moja. Si kweli. Mkondo ukipita mahali penye ukinzani, yaani panapouzuia kupita kwa urahisi, volteji hujitokeza.

Chukua Probox. Amplifaya iko nyuma na athi yake imefungwa kwenye bolti ya kiti. Chini ya kichwa cha waya kuna rangi na kutu kidogo, tuseme ukinzani wa omu 0.01. Wufa ikipiga, amplifaya inavuta ampea 30. Zidisha: volti 0.3. Maana yake, sufuri ya amplifaya imehama volti 0.3 kutoka kwenye sufuri ya betri. Kompyuta imekaa chini ya dashibodi na athi yake kwingine kabisa, na sufuri yake haikuhama hivyo. Ukishaviunganisha viwili hivyo kwa waya wa RCA, ule unaopeleka sauti kutoka kompyuta hadi amplifaya, msuko wa nje wa waya huo, ambao nao ni athi, unakuwa daraja kati ya sufuri mbili zisizolingana. Watu wakitoka msikitini Ijumaa hawatoki wote kwa mlango mkubwa; wengi wanapita pale, na wachache wanapita mlango wa pembeni. Mkondo ni vivyo hivyo. Mwingi unarudi kwa bodi, kidogo kinarudi kwa msuko wa RCA, na hicho kidogo ndicho unachokisikia.

Kwa nini basi sauti inafuata injini? Alteneta, jenereta inayozungushwa na injini kutengeneza umeme wa gari, haitoi umeme ulionyooka tangu mwanzo. Inazalisha umeme wa mawimbi wa fezi tatu, kisha daiodi zinaunyoosha, lakini hubaki viwimbi vidogo juu yake. Alteneta nyingi za magari zina ncha 12 za sumaku. Injini ikiwa taratibu kwenye mizunguko 800 kwa dakika, na puli zikiizungusha alteneta mara 2.5 zaidi, alteneta inazunguka mara 2,000 kwa dakika. Kila mzunguko wake unatoa viwimbi 36, kwa hiyo vinatokea mara 1,200 kwa sekunde. Pandisha injini hadi 2,000, navyo vinafika 3,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu linasikia vizuri zaidi kati ya mitetemo 2,000 na 5,000 kwa sekunde. Ukikanyaga mafuta, mlio huu unaangukia palepale penye usikivu wetu mkubwa, ndiyo maana unaudhi hata ukiwa mdogo sana.

Redio ya kawaida iliyokuja na gari hailii hivi kwa sababu amplifaya yake imo ndani ya sanduku hilo hilo, na sauti haitoki kwenda kutafuta athi nyingine. Kompyuta ni kinyume chake. Ina athi kwenye waya wa umeme, ina athi kwenye sanduku lake la chuma lililopigwa skrubu kwenye bodi, ina athi kwenye waya wa USB wa skrini, kwenye antena, na kwenye RCA. Kila moja ni mlango. Fundi anaweza kuufunga mmoja kwa ustadi na mlio ukabaki vile vile kwa sababu ya mingine minne.

Pwani tuna jambo la ziada. Upepo wa kusi unaleta unyevu wenye chumvi, na gari linalolala upande wa Silversands, ufukweni, haliko sawa na linalolala Ganda, mbali na bahari. Kichwa cha waya cha shaba kikibanwa juu ya chuma, chumvi na unyevu vikiingia katikati, metali hizo mbili zinafanya kazi kama betri ndogo na chuma ndicho kinacholiwa. Kiungo kilichokuwa kizuri mwezi wa kwanza kinapanda ukinzani polepole, na mwenye gari anashangaa mfumo uliokuwa kimya umeanza kulia bila mtu kuugusa. Ndiyo sababu natetea sana kazi ya msasa. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, tumia kichwa cha waya kilichopakwa bati, weka pete ya meno chini ya nati, kaza kwa nguvu, halafu ndipo upake grisi juu ya kiungo chote. Grisi ikitangulia kwa wingi, inakaa pale chuma kilipopaswa kugusana na chuma.

Kabla ya kubadilisha chochote, pima. Weka mita kwenye volti ndogo za DC. Waya mmoja uguse ncha hasi ya betri, na kwa hilo utahitaji waya mrefu kutoka boneti hadi buti; mwingine uguse terminali ya athi ya amplifaya. Washa injini na taa, piga wimbo wenye besi nzito. Ukisoma zaidi ya volti 0.1, njia ya kurudi ina kasoro, na hapo mwanga wa tochi kwenye bolti utakuonyesha mengi. Rudia kwa kompyuta. Kisha fanya jaribio ambalo mimi naliamini kuliko yote: chomoa RCA kwenye kompyuta, uchomeke laptopu inayotumia betri yake mwenyewe, bila chaja, bila kitu kingine. Mlio ukinyamaza, ni kitanzi. Ukiendelea, tafuta kwenye amplifaya au kwenye waya wa RCA uliolala sambamba na waya mnene wa betri.

Dawa ya kwanza ni kuleta athi zote za sauti kwenye sehemu moja. Amplifaya na kompyuta zirudi kwenye bolti moja, kwa waya mnene kama ule wa chanya, na ule wa amplifaya uwe mfupi, usizidi nusu mita. Sanduku la kompyuta likae juu ya raba au ubao, lisiguse bodi. Waya kutoka ncha hasi ya betri hadi kwenye bodi nao unenepeshwe. Wengi huongeza chanya tu na kuusahau, ilhali mkondo wote unaokwenda lazima urudi. Kitufe cha geini (kinachopanga sauti inayoingia ikuzwe kiasi gani) kwenye amplifaya kisifunguliwe mpaka mwisho. Kompyuta ikitoa volti 2 na amplifaya ikawekwa kutarajia volti 0.2, unakuza uchafu mara kumi bure, na muziki wenyewe unapasuka.

Kuna jambo moja naomba lisifanyike: kukata athi ya amplifaya ili mlio unyamaze. Mkondo hauachi kurudi kwa sababu umeufungia mlango. Unageukia msuko wa RCA wote kwa pamoja, na msuko huo haukutengenezwa kubeba ampea 30. Kwenye baadhi ya redio fyuzi ndogo iliyomo ndani ya bodi ya saketi inaungua. Kwenye kompyuta ni kadi ya sauti, pengine zaidi ya hapo.

Ikiwa athi zimenyooka na mlio bado upo, tenganisha. Kuna kisanduku kidogo chenye koili mbili kinachowekwa katikati ya RCA: sauti inavuka kwa sumaku, msuko hauvuki. Vya bei rahisi vina kiini kidogo cha chuma na hukata besi ya chini, kwa hiyo viache kwa spika za mbele na si kwa wufa. Bora zaidi ni waya wa mwanga, kwa amplifaya zenye tundu lake. Huo unapitisha sauti kama mwanga ndani ya plastiki, na umeme hauna pa kupita. Bluetooth nayo inakata kitanzi kabisa, mradi kipokezi chake kichukue umeme na athi pale pale kwenye amplifaya.

Boti za fiber za Lamu hazina bodi ya chuma ya kurudishia mkondo. Kila kifaa lazima kirudishiwe waya wake wa hasi mpaka kwenye betri, na mafundi wa kule huzikusanya kwenye baa moja ya shaba. Anayefunga mfumo mkubwa kwenye van anaweza kufanya vivyo hivyo: baa moja nyuma, waya mmoja mnene kutoka hapo hadi ncha hasi ya betri, na kila kifaa cha sauti kikafungwa kwenye baa hiyo. Gharama inaongezeka kwa mita kama nne au tano za shaba.