Medali haipo kwenye DD-214? Haya ndo watu wanayoamini, na ukweli wenyewe

Kila ikikaribia tarehe 11 Novemba, siku ya maveterani kule Marekani, kuna swali linajirudia kwa ndugu zetu waliopitia jeshi la huko, na siku hizi sio wachache, maana ule mpango wa MAVNI, wa kuandikisha wageni wenye lugha au ujuzi ambao jeshi linauhitaji, ulioanza kuandikisha watu 2009 hadi ukasimamishwa 2016 ulikuwa na Kiswahili kwenye orodha ya lugha zinazotafutwa. Swali lenyewe: nimetoka jeshini, DD-214 yangu, ile karatasi ya kuondoka jeshini, ninayo, ila nikiangalia kwenye kisanduku cha medali naona zingine hazipo, sa nifanyeje? Majibu anayopewa mengi ni ya kijiweni, na ndo maana mtu anazunguka miaka.

Kitu kimoja kabla hatujaenda mbali. Medali kukosekana kwenye karatasi kuna sababu tatu tofauti kabisa. Inawezekana unaistahili na haina ubishi, ila karani hakuiandika. Inawezekana kamanda alikupendekeza, au alitakiwa akupendekeze, na ile karatasi haikufika kokote. Au ombi lilifika likakataliwa na wewe unaona umeonewa. Kila moja ina mlango wake, na ukigonga mlango wa jirani utajibiwa kwa adabu tu kwamba hapa sipo.

Dhana: "Kama haipo kwenye DD-214 basi hukuipata."

Hapana. DD-214 ni muhtasari anaoujaza karani siku unaondoka, anaangalia kilichopo kwenye faili siku hiyo basi, na wewe mwenyewe akili ishafika nyumbani unasaini bila kusoma. Kuna medali hazihitaji ushujaa wala barua ya kamanda, tarehe zako za utumishi zinatosha. Mfano National Defense Service Medal, aliyekuwa kazini kwa heshima kati ya 12 Septemba 2001 na 31 Desemba 2022 anaistahili, na bado utakuta DD-214 za miaka hiyo haijaandikwa. Zipo pia tuzo za kikosi kizima, amri yake inaweza kutoka miaka kadhaa baada ya wewe kuondoka, karani wa siku ile angejuaje?

Na kuna ile ya wazee wa Vita ya Pili ya Dunia ambayo familia nyingi hazijui mpaka leo. Mwaka 1947 jeshi liliamua kwamba askari wa miguu aliyepata beji ya mapigano ya Combat Infantryman Badge, au mganga wa vitani aliyepata Combat Medical Badge, kati ya 7 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945, anastahili na medali ya Bronze Star. Sasa hesabu mwenyewe, wengi walisharudi makwao 1945 na 1946, wako shambani au kiwandani, nani angewaambia? Karatasi zao za kuondoka zina beji, Bronze Star hakuna, na walioanza kuiulizia ni watoto na wajukuu.

Dhana: "Wakirekebisha watanichapishia DD-214 mpya safi."

Kwa kawaida unapewa DD-215, karatasi ndogo inayosema kisanduku fulani ongeza hiki, futa kile. Ile ya zamani inabaki vilevile na hizo mbili zinatembea pamoja maisha yako yote. Watu wanaitupa DD-215 wakidhani ni risiti, usifanye hivyo.

Dhana: "Faili liliungua St. Louis, kwahiyo basi tena."

Hii ndo kubwa kuliko zote na naomba tukae nayo kidogo. Moto ni kweli. Tarehe 12 Julai 1973 ghorofa ya juu ya jengo la kumbukumbu za wanajeshi eneo la St. Louis, Missouri iliwaka, yakateketea mafaili kati ya milioni 16 na 18, na hayakuwa na kopi nyingine wala filamu. Ila sio kila faili. Yaliyoungua ni ya jeshi la nchi kavu kwa walioondoka kati ya 1 Novemba 1912 na 1 Januari 1960, hapo karibu asilimia 80 yalikwenda, na ya jeshi la anga kwa walioondoka kati ya 25 Septemba 1947 na 1 Januari 1964, kama asilimia 75, na hapo kwa anga walioathirika ni ambao majina yao kialfabeti yanakuja baada ya Hubbard. Kwahiyo kama mzee wako alikuwa Navy au Marine, au alitoka Vietnam 1969, mtu akikwambia faili liliungua mwambie aangalie tena.

Na hata kama liliungua kweli bado kuna njia. Pale St. Louis wana fomu ya NA 13055, unajaza kikosi, miaka, kambi, chochote unachokumbuka, wao wanaanza kuunganisha vipande kutoka kwingine, vitabu vya malipo, ripoti za kila asubuhi za kampani, karatasi za hospitali, madai aliyowahi kupeleka VA, idara ya maveterani. Alafu kuna kabati moja watu wanaisahau kabisa, mahakama au ofisi ya kaunti alikokuwa anaishi. Wazee wengi wa Vita ya Pili waliporudi walienda kuandikisha karatasi zao za kuondoka jeshini kwenye kaunti ili zisipotee, na kweli huko hazikupotea. Barua za zamani na picha ya sare yenye riboni kifuani nazo zinasaidia kujua utafute nini, ila picha peke yake usitegemee imalize kesi.

Dhana: "Unaanzia kwenye bodi."

Watu wakisikia kuna bodi ya kurekebisha kumbukumbu za kijeshi wanakimbilia huko moja kwa moja na fomu ya DD-149, wanasubiri mwaka au zaidi, jibu linakuja kwamba hujamaliza njia za kawaida, rudi nyuma. Bodi ni mahali pa mwisho. Kosa la karani unaanzia kwa kuomba kumbukumbu zako, ama kwa mtandao ama kwa fomu ya SF-180, na unaeleza kabisa kwamba unataka medali zihakikiwe, wakiona kwenye faili unastahili inamalizika bila bodi kukaa. Ikishindikana hapo ndo unaenda bodini, na kila jeshi lina yake, isipokuwa Marine wanaenda ile ya Navy na Space Force wanaenda ile ya jeshi la anga. Wanaoamua ni raia wa wizara, sio majenerali kama watu wanavyofikiri.

Jambo lingine, bodi sio wapelelezi. Hawatatuma mtu akutafutie ushahidi, wanaanza na imani kwamba jeshi lilifanya kazi yake sawasawa, kazi ya kuonyesha vinginevyo ni yako. Maelezo ya "nakumbuka vizuri" ya peke yako ni mepesi sana. Maelezo yaliyosainiwa na wenzako wawili wa platuni ile ile, pamoja na amri ya kutumwa na ripoti ya kikosi ya wiki ile, hayo yana uzito.

Na miaka mitatu? Ndio, sheria inasema uombe ndani ya miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, sio tangu ulipoondoka jeshini, na bodi ina ruhusa ya kusamehe muda huo ikiona haki inadai hivyo. Usijikatishe tamaa mwenyewe kabla hawajakujibu.

Dhana: "Nitajiandikia pendekezo mwenyewe, mimi ndo nilikuwepo."

Kwa medali za ushujaa hili halipo. Pendekezo linatoka kwa mtu mwingine, kamanda au aliyeona kwa macho, na muda wake wa kawaida ukipita inabidi lipitie kwa mbunge wa Bunge la Marekani chini ya kifungu cha 1130 cha sheria za jeshi, yeye ndo anaomba jeshi lilipitie upya. Ni njia ndefu, ila imefanya kazi. Paris Davis alikuwa kapteni wa Special Forces, mmoja wa maafisa weusi wachache huko wakati ule, Juni 1965 alipigana karibu na Bong Son Vietnam akajeruhiwa na akakataa kuondoka mpaka watu wake wametolewa. Kamanda wake akampendekeza kwa Medal of Honor, medali ya ushujaa ya juu kabisa, karatasi ikapotea. Ikatafutwa tena 1969, faili halionekani. Akabaki na Silver Star, ambayo ni ya chini yake. Wenzake hawakuacha kufuatilia, na akavishwa medali yenyewe Ikulu tarehe 3 Machi 2023, karibu miaka 58 baadae. Unaweza kusema karatasi kupotea ni bahati mbaya, mara mbili kwa mtu yule yule mimi naona ni bahati mbaya yenye macho.

Vernon Baker naye, askari mweusi aliyepigana Italia 1945. Katika Vita ya Pili hakuna askari mweusi hata mmoja aliyepewa Medal of Honor wakati wa vita wala baada ya vita, mpaka jeshi likaagiza utafiti miaka ya 1990 na tarehe 13 Januari 1997 wakavishwa saba. Baker ndo pekee aliyekuwa hai kuipokea kwa mkono wake.

Dhana: "Peleka VA, wao ndo wanashughulika na maveterani."

VA wanashughulika na matibabu na mafao. Kumbukumbu na medali ni za jeshi lenyewe.

Dhana: "Medali ni urembo, haina faida" na ndugu yake "ukipata medali pesa zinaanza kuingia."

Zote mbili zinakosea. Nyingi hazina senti. Ila Purple Heart, medali ya waliojeruhiwa vitani, inakuweka kundi la tatu la kipaumbele kwenye matibabu ya VA, inakupa pointi 10 ukiomba kazi ya serikali kuu, na kwa aliyeipata kwa utumishi wa kuanzia 11 Septemba 2001 inafungua GI Bill kamili, ule msaada wa serikali wa kusoma. Medali ya kampeni nayo inaweza kukupa pointi 5. Na kwa mwenye madai ya msongo wa vitani, beji ya mapigano kwenye DD-214 inamsaidia sana maana hatahangaika kuthibitisha kwamba alikuwa vitani kweli.

Dhana: "Lazima wakili, na lazima ulipe."

DD-149 ni bure, na vyama vya maveterani kama American Legion, VFW na DAV vina watu wanaokusaidia kujaza bila hela. Wakili anaruhusiwa na kesi ngumu anafaa, lakini mtu anayekuomba dola mia kadhaa akutumie SF-180, huyo anakuuzia kitu unachokipata bure.

Dhana: "Nanunua tu dukani navaa, nani atajua."

Medali nyingi kweli zinauzwa dukani na mwenye haki nayo anaruhusiwa kununua nyingine kama yake ilipotea. Kujidai unayo ili upate pesa au faida ndo kosa la jinai kwa sheria ya 2013, ya kwanza ya 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupa 2012 kwasababu ilikuwa inaadhibu hata uongo mtupu wa maneno. Na kuvaa hakubadilishi faili, siku ya kuomba mafao wataangalia karatasi.

Dhana: "Mzee ameshafariki, imeisha."

Haijaisha. Mjane au mgane ambaye hajaolewa wala kuoa tena, watoto, wazazi, ndugu wa damu, hao wanaweza kuomba, wakiwa na cheti cha kifo. Na ikishapita miaka 62 tangu aondoke jeshini faili linakuwa wazi kwa yeyote, ila hapo kopi unalipia.

Swali la mwisho linatoka nyumbani, la wajukuu wa KAR (King's African Rifles), babu alipigana Burma 1944 na medali zake hazionekani, tuandike St. Louis? Hapana jamani, St. Louis hawana hata karatasi moja ya KAR, lile lilikuwa jeshi la Mwingereza na medali zake unaziulizia Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, na namba yake ya jeshi kama mnayo ndo itangulie kwenye barua.