Kabla ya kuandika "sarafu": eksirei ya mtoto aliyemeza kitu

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anapofikishwa kitengo cha dharura akitokwa na udenda na kukataa kunyonya, na mama yake akaeleza kwamba huenda amemeza sarafu, sisi wa radiolojia hatupaswi kuyapokea maelezo hayo kama jibu, kwa sababu kinachoonekana kama sarafu kinaweza kuwa betri bapa ya duara, ile inayotumika kwenye rimoti, saa na vitu vya kuchezea. Sarafu mara nyingi inaweza kusubiri. Betri iliyokwama kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, haisubiri.

Betri ya milimita 20 haihitaji kuvuja ili idhuru. Ikigusa utando wenye unyevu, mkondo wa umeme hupita na alkali kali hujitengeneza upande wa hasi, ikaanza kuunguza nyama. Jeraha baya linaweza kutokea ndani ya saa 2.

Kwa hiyo huomba picha ya mbele inayochukua shingo, kifua na tumbo, pamoja na ya ubavu, yaani inayopigwa kutoka upande. Kwenye picha ya mbele, sarafu ya kawaida ni duara jeupe lisilo na mstari ndani yake, ilhali betri huonyesha duara la pili, jembamba, likifuata ukingo kwa ndani. Lazima picha ikuzwe ndipo mstari huo uonekane vizuri. Sarafu za metali mbili, mfano zile za Kenya za shilingi 20, zinaweza kutupotosha hapa, na ndipo picha ya ubavu inapotusaidia: ukingo wa betri una kingazi, yaani kidaraja kidogo, upande mmoja ulio mwembamba zaidi. Upande huo mwembamba ndio hasi, na unakotazama ndiko jeraha huwa kubwa zaidi, iwe mbele kwenye njia ya hewa au nyuma kuelekea uti wa mgongo. Ripoti isiyotaja jambo hilo, kwangu mimi, haijakamilika.

Wazazi huuliza kuhusu mionzi, na wana haki ya kuuliza. Kiasi cha mionzi cha eksirei hizi ni kidogo, na hatari ya kuchelewa ni kubwa mno kuilinganisha nacho.

Nikiiona betri kwenye umio, humpigia simu daktari papo hapo ili itolewe kwa endoskopi (mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni), hata kama mtoto ametoka kula. Baada ya kutolewa, jeraha linaweza kuendelea kuchimba hadi mshipa mkubwa wa damu, hivyo mtoto akitapika damu hata siku kadhaa baadaye, arudishwe hospitali mara moja.