Gemu ya muziki haipimwi kwa macho: dhana potofu kuhusu sauti, alama na wahakiki

"Wahakiki walitudanganya, gemu hii haina kitu." Maneno hayo yanasikika Lubumbashi, kuanzia Kamalondo hadi Katuba, kila mara mtu anaponunua gemu iliyojengwa juu ya muziki, kama Journey, Gris au Thumper, kwa kuwa ilisifiwa, akaicheza nusu saa katika chumba chenye televisheni tatu za mpira, kisha akarudisha maneti, yaani kidude cha vitufe cha kuchezea, mezani kwa hasira. Ukimuuliza sauti ilikuwaje, anajibu bila wasiwasi kwamba aliishusha, maana muziki ni wa nyuma tu. Jibu hilo limerudiwa mara nyingi mno. Tulishughulikie kwa kina, halafu yale yanayofuatana nalo tuyapitie haraka.

"Muziki ni pambo. Ukizima sauti, gemu ni ileile."

Kwa gemu ya mpira hilo ni kweli. Nyimbo zinakaa kwenye menyu, na hata ukizima kila kitu bado unafunga bao. Kosa ni kuibeba tabia hiyo hadi kwenye gemu iliyojengwa kuanzia kwenye wimbo. Zima sauti utazame video ya bendi wakati sebene limepamba moto: gitaa la solo halipo, atalaku anayewachochea wachezaji kwa sauti hayupo, ngoma haipo, wamebaki watu wanaotingisha viuno bila sababu. Hakuna Mkongomani anayeihukumu bendi namna hiyo. Gemu nayo isihukumiwe hivyo.

Chukua Crypt of the NecroDancer, iliyotoka 2015 kwenye studio ya Brace Yourself Games ya Vancouver, muziki ukiwa wa Danny Baranowsky. Kila hatua lazima iangukie kwenye pigo, na maadui nao wanasogea kwa pigo hilohilo. Ukikosa, kizidishi cha sarafu kinarudi chini. Ndiyo, chini ya kioo kuna moyo unaoonyesha pigo, lakini jicho linalotazama moyo halimtazami adui. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: mwenye duka huko shimoni huimba pamoja na wimbo, na sauti yake inakua kadiri unavyomkaribia. Mwenye masikio anajua duka lilipo kabla ya kuliona. Aliyezima sauti anabomoa kuta akilitafuta, na mapigo yanampita.

Thumper ya 2016 inakwenda mbali zaidi. Ilitengenezwa na watu wawili, Marc Flury na Brian Gibson, na huyo wa pili ni mpiga besi wa bendi ya Lightning Bolt. Mdudu wa chuma anateleza relini kwa kasi, na kila unapobonyeza kitufe mahali pake, unapiga ngoma. Usipobonyeza, wimbo unabaki na tundu. Vikwazo vinatanguliwa na sauti zake, kama mwimbishaji anavyotupa mstari ili kwaya ipokee. Kuicheza kimya ni kupokea mstari ambao hukuusikia.

Journey ya 2012, kazi ya studio ya thatgamecompany, haina pigo la kufuata, na hapo ndipo wengi wanaposema kwamba basi sauti si lazima. Ni kinyume kabisa. Mtunzi wake, Austin Wintory, aliifanya selo, ala ya nyuzi yenye sauti nzito, kuwa sauti ya msafiri unayemwongoza, na ala nyingine zinajiunga au kujitenga kulingana na ulipofika. Kwa ujumla kuna njia mbili za kufanya hivyo. Ya kwanza ni tabaka: nyuzi, ngoma na sauti za watu zinarekodiwa mbalimbali, zote zinapigwa kwa wakati mmoja, na gemu inafungua au kufunga kila moja kadiri unavyosonga. Ya pili ni vipande: kipande kinajirudia na kukusubiri, kisha ukivuka mahali fulani kinakabidhi kwa kingine bila mshono kusikika. Kwa hiyo mhakiki anapoandika kwamba muziki "unamfuata mchezaji", hapambi maneno. Anaeleza namna gemu ilivyoundwa.

Kuna wanaojitetea kwamba sauti waliiweka, tena kubwa, kwenye bafle (spika) ya Bluetooth. Kwa gemu ya mdundo hilo ni baya kuliko kuzima, kwa sababu sasa mkono unafundishwa uongo.

Bluetooth haitumi sauti moja kwa moja. Inaifungasha, inaituma, kisha bafle inaifungua na kuweka akiba kidogo kabla ya kuitoa. Kwa SBC, kodeki ya kawaida, yaani njia ya kuifungasha sauti, safari hiyo huchukua takriban milisekunde 150 hadi 250. Piga hesabu: wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila milisekunde 500, nusu ya pigo ni 250, robo ni 125. Sauti ikichelewa kwa 200, karibu nusu ya pigo imekwenda. Unabonyeza pale unaposikia, gemu inaandika kosa, nawe unasema maneti ni mbovu. Kwenye filamu hulioni tatizo hilo kwa sababu simu huishikilia picha mpaka sauti iifikie. Gemu haiwezi kuishikilia picha yako, kwani picha inayofuata inategemea kitufe ambacho bado hujakibonyeza.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Waya kwanza: hedifoni za waya kwenye tundu la milimita 3.5 la kompyuta au la maneti. Kama ni lazima chumba kizima kisikie, tumia waya unaotoka kwenye tundu hilo kwenda kwenye pini mbili, nyekundu na nyeupe, nyuma ya ampli (kikuza sauti), na uzime mwangwi wa karaoke ambao kwenye ampli nyingi huwa umewashwa. Televisheni iweke kwenye hali ya gemu, ile inayoandikwa Game au Jeu, na uzime ulainishaji wa mwendo, kwa sababu kila kazi ya kuipendezesha picha inaongeza uchelewaji.

Kisha fungua menyu ya gemu yenye usawazishaji, yaani pale gemu inapopima uchelewaji wako ili iurekebishe. Sauti ndiyo ya kwanza: fumba macho kabisa, bonyeza mara 16 hadi 20 ukifuata pigo. Halafu picha: zima sauti, bonyeza kila taa inapowaka. Ukichanganya macho na masikio, unapata namba isiyo ya lolote. Rudia yote mara mbili. Tofauti ya milisekunde 5 au 10 kati ya majaribio ni ya mkono wa binadamu tu. Ikifika 40 na kidole chako kimetulia, kompyuta inakwama-kwama, na hapo usawazishaji hauna dawa, kwa kuwa unarekebisha uchelewaji usiobadilika, hauwezi kurekebisha unaopanda na kushuka. Punguza vivuli kwanza, kisha ukubwa wa picha, mpaka fremu (picha zinazofuatana) 60 kwa sekunde zitulie. Kwa mwendo huo fremu moja ni milisekunde 16.7, kwa fremu 30 inakuwa 33.3. Sitini zilizotulia ni bora kuliko tisini zinazorukaruka.

Umeme ukikatika na kompyuta ndogo ikahamia kwenye betri, mara nyingi inajipunguzia nguvu na fremu zinaanguka hapohapo. Usiendelee kucheza ukidhani umechoka. Weka mpangilio wa umeme kwenye nguvu kamili, au simamisha gemu mpaka umeme urudi. Na ukitoka kwenye hedifoni kwenda kwenye ampli, sawazisha upya.

Kuhusu Bluetooth, usawazishaji hauwezi kuikomboa, na hili wachache sana wanalielewa. Gemu inaweza kuutanguliza wimbo kwa milisekunde 200, kwa kuwa wimbo inaujua wote. Haiwezi kuitanguliza sauti inayozaliwa na kidole chako, kwa kuwa haijui utabonyeza lini. Katika Thumper sauti hiyo ndiyo ngoma yenyewe. Itafika imechelewa siku zote, hata ukisawazisha mara mia.

"Nimeitazama YouTube, inatosha."

Haitoshi. Muziki wa tabaka unamjibu yule aliyeshika maneti siku ile, na wewe unasikia majibu ya maswali ambayo hukuuliza. Zaidi ya hapo, ili kubana mega za intaneti watu hutazama kwenye ubora wa chini kabisa, ambako Gris inageuka matope ya rangi. Kama mega ni chache, dakika tano za ubora wa juu zinafaa kuliko saa nzima ya ukungu.

"Wahakiki wakitofautiana, kuna aliyehongwa."

Gris, ya studio ya Nomada ya Barcelona, ilitoka Desemba 2018. Michoro yake inatokana na mkono wa Conrad Roset, muziki ni wa kundi la Berlinist. Wengi walisifu picha na sauti; baadhi walilalamika kwamba mafumbo yake ni mepesi na kwamba mchezaji hafi. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Hafi kwa sababu waliitengeneza hivyo makusudi: ni hadithi ya msichana aliyepoteza sauti yake, rangi zinarudi duniani kidogo kidogo, na kifo cha kila dakika kingeukata muziki vipande. Mwaka 2019 ilipata tuzo ya Games for Impact kwenye The Game Awards. Anayetafuta ugumu atachoka nayo, na mhakiki aliyeandika kwamba ni nyepesi alimtendea haki.

Proteus, ya Ed Key na David Kanaga, iligawanya watu zaidi ilipotoka 2013. Unatembea kisiwani, kila mnyama na kila mti una sauti, na wimbo unabadilika unapopanda mlima. Hakuna adui, hakuna alama. Wengine waliandika kwamba hiyo si gemu kabisa. Soma sababu za kila upande, utajua wewe ni wa upande gani kabla ya kutoa pesa. Kuhesabu nani kasifu na nani kaponda hakukufundishi lolote. Na namba za siri za kufungulia gemu bure wanazopewa wahakiki kabla ya siku ya kutoka ni utaratibu wa kawaida wa kazi, ili makala iwe tayari kwa wakati. Mhakiki wa kukwepwa ni yule asiyesema alichezea kifaa gani na kwa sauti gani. Binafsi siendelei kusoma uhakiki wa gemu ya muziki usiotaja hata mara moja ulisikilizwaje.

"Alama 78 ni mbovu, na asilimia 95 ya Steam ni 95 kwa 100."

Kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, gemu inaingia kwenye kijani kuanzia 75. Kwa hiyo 78 ina maana wengi waliipenda. Wastani wake una uzito, yaani maoni ya baadhi ya magazeti yanahesabiwa zaidi, na hautokei kabla ya wahakiki wanne kuandika. Journey kwenye PlayStation 3 ina 92, ambayo ni nadra.

Steam, duka la gemu la mtandaoni, haina alama. Kila mtu anasema ndiyo au hapana, basi. Watu mia wakisema "ndiyo, si mbaya", inaonekana asilimia 100, ingawa hakuna hata mmoja aliyeshangazwa. Waliopata gemu bila kuinunua kwenye duka lenyewe hawaingii katika hesabu hiyo. Kwa gemu za kisanaa fungua zile za "hapana" kwanza. Zikilalamikia ufupi na wepesi, endelea. Zikilalamikia sauti kukatika au pigo kupotea, subiri marekebisho.

"Muziki wa gemu si muziki wa kweli."

Muziki wa Journey ulikuwa wa kwanza wa gemu kuteuliwa kwenye tuzo za Grammy katika kundi la muziki wa filamu na picha, kwa tuzo za 2013. Kabla yake, Februari 2011, Christopher Tin alishinda Grammy kwa Baba Yetu, aliyoitungia Civilization IV, na hiyo ikawa kazi ya kwanza ya muziki wa gemu kushinda. Maneno yake ni sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mswahili akidharau muziki wa gemu anaidharau lugha yake pia.

"Saa mbili tu? Huo ni wizi."

Journey inaisha kwa takriban saa mbili. Sayonara Wild Hearts, ya studio ya Simogo ya Malmö huko Uswidi, iliyotoka 2019, inakaribia saa moja, kwa sababu imepangwa kama albamu ya pop: wimbo mmoja, hatua moja. Albamu haisikilizwi mara moja ikatupwa. Unarudia hatua kutafuta dhahabu, na kwenye marudio ya tatu ndipo unapogundua kwamba kila kona ya barabara iko juu ya ngoma.

Kuna anayeumaliza ufupi huo kwa ujanja: Steam inarudisha pesa ndani ya siku 14 ikiwa umecheza chini ya saa mbili, basi anaimaliza gemu na kudai pesa zake. Kwa studio ya watu wawili huko ni kunyang'anya mshahara. Haki hiyo itumie kwa kazi yake: kaa dakika 30, hedifoni za waya masikioni, usawazishaji umefanywa, umeme upo. Ikiwa hadi hapo mkono wako haujaanza kusubiri pigo linalofuata, dai pesa zako.