Kupunguzwa Kazini Katika Kampuni za Mafuta: Notisi ni Mbili, si Moja

Kila kampuni ya mafuta inapotangaza kwamba inajipanga upya, wateja huingia ofisini mwangu na barua mkononi na kauli ile ile: "Wakili, nimepewa notisi ya mwezi mmoja, kwa hivyo sheria imefuatwa." Huenda haikufuatwa hata kidogo.

Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinadai notisi mbili. Ya kwanza, yenye kueleza sababu na kiwango cha upunguzaji unaokusudiwa, hupelekwa kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa leba angalau mwezi mmoja kabla. Asiye mwanachama hujulishwa yeye binafsi kwa maandishi, pamoja na afisa huyo. Zingatieni neno "unaokusudiwa", kwa maana hapo uamuzi bado haujakamilika. Katika kesi ya Kenya Airways iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2014, Jaji David Maraga alieleza kuwa notisi hiyo huzipa pande zote nafasi ya kutafuta namna ya kuepusha uachishaji au kuupunguza. Notisi ya pili ndiyo ya kusitisha ajira, nayo ni ya mwezi mmoja au mshahara badala yake. Mwajiri anayeanzia kwenye ya pili ameyaruka mazungumzo yote, na ndiyo sababu swali langu la kwanza huwa: barua iliyopokelewa na afisa wa leba ina tarehe gani? Wengi hawajawahi kuiulizia.

Wapo wanaodhani kwamba kampuni yenye faida haiwezi kupunguza watu. Kampuni ya mafuta ya Marekani, Chevron, ilipata faida ya takriban dola bilioni 17.7 mwaka 2024, na Februari 2025 ikatangaza kupunguza hadi asilimia 20 ya wafanyakazi wake.

Wengine husema aliyeajiriwa mwisho lazima atoke kwanza. Muda kazini huzingatiwa, lakini ujuzi, uwezo na uaminifu vilevile.

Kuhusu kiinua mgongo, sheria haitoi mshahara wa mwezi kwa kila mwaka. Kima cha chini ni mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, na siku za likizo zilizosalia hulipwa taslimu. Mkataba wa pamoja, yaani ule wa chama cha wafanyakazi na mwajiri, ukitoa zaidi, daini hicho cha zaidi, na msitie sahihi hati ya kukiri malipo yote kabla ya kuupitia.