Mchapishaji mhafidhina wa habari mtandaoni: maana ya kazi hii kwa mfano wa Andrew Breitbart

Mchapishaji mhafidhina wa habari mtandaoni ni mtu anayeendesha tovuti ya habari akiwa ameshatangaza waziwazi upande wake wa kisiasa, na ambaye wakati huohuo hujitokeza redioni, kwenye televisheni na majukwaani kuzifafanua habari zilezile alizozichapisha. Kazi ambazo magazeti ya zamani yalizitenganisha, ya mhariri anayeamua nini kichapwe na ya mchambuzi anayetoa maoni, hapa zimo mikononi mwa mtu mmoja. Kazi hii ilikomaa Marekani, na uhafidhina unaokusudiwa ni ule wa huko: kutaka serikali yenye mamlaka machache na kodi ndogo, kutetea haki ya raia kumiliki silaha, kushikilia maadili ya dini na familia, na kuamini kwamba vyombo vikubwa vya habari, vyuo vikuu na Hollywood vimetekwa na mrengo wa kushoto. Imani hiyo ya mwisho ndiyo mtaji wa kazi yenyewe, kwa kuwa msomaji anayeamini kwamba anafichwa jambo atamtafuta yeyote anayeahidi kulifichua.

Chanzo chake ni redio. Hadi mwaka 1987 serikali ya Marekani ilivitaka vituo vya utangazaji vitoe nafasi kwa maoni yanayopingana kuhusu masuala ya umma. Kanuni hiyo ikafutwa, na mwaka 1988 Rush Limbaugh akaanza kusikika nchi nzima, akionyesha kwamba mtangazaji mwenye msimamo mmoja anaweza kupata wasikilizaji wengi na matangazo mengi ya biashara. Matt Drudge, aliyewahi kufanya kazi katika duka la zawadi la studio za CBS mjini Los Angeles, ndiye aliyeufikisha mtindo huo mtandaoni. Katikati ya miaka ya 1990 alianza kutuma jarida la tetesi kwa barua pepe, kisha akafungua ukurasa wa Drudge Report, na Januari 1998 alitangaza kwamba jarida la Newsweek limeizuia habari ya uhusiano wa Rais Bill Clinton na mwanagenzi wa Ikulu. Ukurasa wenyewe haukuwa na pambo: herufi nyeusi za taipureta juu ya weupe, safu tatu za vichwa vya habari, na picha ya king'ora pale jambo lilipokuwa zito. Habari nyingi ziliandikwa na magazeti mengine. Alichofanya Drudge ni kuchagua, kuandika kichwa upya na kuweka kiungo, na uchaguzi huo peke yake ulitosha kuamua Wamarekani wengi wazungumzie nini siku hiyo.

Andrew Breitbart alijifunza kazi hapo. Alizaliwa tarehe 1 Februari 1969, akalelewa na wazazi walezi huko Brentwood, Los Angeles, na kuhitimu Chuo Kikuu cha Tulane mwaka 1991. Mwenyewe alieleza kwamba alikua na fikra za mrengo wa kushoto bila kuzichunguza, mpaka alipotazama Baraza la Seneti likimhoji Clarence Thomas mwaka 1991 kabla ya kumthibitisha kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, akaona kwamba mtu huyo anaonewa. Kwa miaka mingi alimsaidia Drudge kuhudumia ukurasa wake, na mwaka 2005 alishiriki kuanzisha Huffington Post ya Arianna Huffington, tovuti iliyoelemea kushoto. Jambo hilo huwashangaza wengi, lakini kwangu linaonyesha kwamba ufundi wa kazi hii hauna chama: anayejua kichwa kipi kitabonyezwa anaweza kuutumia ujuzi huo popote.

Mwaka huohuo alikuwa na tovuti yake mwenyewe, Breitbart.com, ambayo mwanzoni ilirusha habari za mashirika kama Associated Press na Reuters. Drudge alipoweka kiungo, wasomaji walimiminika huko, na wasomaji hao ndio walioleta fedha za matangazo. Kuanzia 2009 aliongeza kurasa zenye habari na maoni yake, Big Hollywood kwanza, kisha Big Government na Big Journalism. Aliitanguliza filamu kuliko Bunge kwa sababu aliamini kwamba siasa hufuata mkondo wa utamaduni, na kwamba wahafidhina walikuwa wakishindwa katika hadithi na burudani kabla hawajafika kwenye sanduku la kura.

Septemba 2009 Big Government ilichapisha video zilizorekodiwa kwa siri na James O'Keefe na Hannah Giles katika ofisi za ACORN, shirika lililosaidia watu maskini kupata nyumba na kujiandikisha kupiga kura, zilizoonekana kuwaonyesha wafanyakazi wake wakitoa ushauri wa kuficha biashara ya ukahaba. Video hazikutolewa kwa mkupuo. Ilitoka ya Baltimore, shirika likajitetea, ikatoka ya Washington, kisha New York, kisha California, hivyo kila utetezi ulikutana na mkanda mpya na vyombo vikubwa vikalazimika kuifuata habari. Bunge lilipiga kura kukata fedha za shirika hilo, na mwaka uliofuata likafa. Uchunguzi wa Mwanasheria Mkuu wa California uliotolewa mwaka 2010 ulieleza kwamba video zilikuwa zimehaririwa sana, na kwamba picha kamili ilikuwa tofauti na ile umma ulioonyeshwa. Taarifa hiyo ilikuta shirika limekwisha kuvunjika.

Tukio linaloeleza kazi hii kuliko mengine yote ni la Julai 2010. Breitbart alichapisha klipu ya dakika chache ya Shirley Sherrod, mwanamke mweusi aliyekuwa mkurugenzi wa maendeleo vijijini wa Wizara ya Kilimo katika jimbo la Georgia, akiuhutubia mkutano wa NAACP, chama kinachotetea haki za Wamarekani weusi. Katika klipu alisikika akisema kwamba zamani, mkulima mzungu alipomjia akiomba msaada wa kuokoa shamba lake, hakumpa msaada wote ambao angeweza kumpa. Ndani ya siku moja Sherrod, akiwa barabarani ndani ya gari, alipigiwa simu na wakubwa wake na, kwa maelezo yake, akaambiwa asimame kando ya njia aandike barua ya kujiuzulu kwenye simu yake. NAACP nayo ilimlaani.

Kisha hotuba nzima, ya zaidi ya dakika 40, ikatolewa. Sherrod alikuwa akisimulia jambo la mwaka 1986, kabla hajaingia serikalini, na jinsi lilivyomfundisha kwamba tatizo ni umaskini na si rangi ya ngozi. Alimsaidia mkulima yule, na mkulima na mkewe walijitokeza hadharani kumshukuru. Baba yake Sherrod mwenyewe aliuawa na mzungu mwaka 1965. Waziri Tom Vilsack aliomba radhi, Rais Barack Obama akampigia simu, na NAACP ikakiri kwamba imedanganywa. Breitbart alijibu kwamba lengo lake lilikuwa kuwaonyesha wasikilizaji walivyoipokea sehemu ile ya hotuba, kwa sababu NAACP ilikuwa imetoka kuwatuhumu wafuasi wa Tea Party, vuguvugu la wahafidhina waliopinga kodi na matumizi makubwa ya serikali, kwa ubaguzi. Jibu hilo halinitoshelezi. Maneno yaliyomo kwenye klipu Sherrod aliyasema kweli. Uongo ulizaliwa kwa kukata yaliyofuata. Na mzigo si wa Breitbart peke yake, kwani waliomfukuza mama yule walikuwa na uwezo wa kuuliza mkanda kamili uko wapi, wakaogopa kichwa cha habari cha jioni. Sherrod alifungua kesi mwaka 2011, na ilimalizwa kwa mapatano mwaka 2015 na mjane wa Breitbart.

Haki inadai kusema pia kwamba mwaka 2011 Breitbart alikuwa sahihi. Alichapisha picha za aibu ambazo mbunge Anthony Weiner aliwatumia wanawake mtandaoni; Weiner alikanusha kwa siku kadhaa, na tarehe 6 Juni 2011 alikiri mbele ya waandishi wa habari. Siku hiyo, kabla mbunge hajaingia ukumbini, Breitbart alipanda jukwaani na kuwahutubia waandishi wenyewe.

Alifariki tarehe 1 Machi 2012 kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 43. Tovuti ikaongozwa na Steve Bannon, aliyejiunga na kampeni ya Donald Trump Agosti 2016. Baada ya uchaguzi huo wanaharakati waliyashawishi makampuni mengi kuondoa matangazo yao kwenye Breitbart, na hapo ndipo udhaifu wa mtaji wa matangazo ulipoonekana. Ben Shapiro, aliyewahi kuwa mhariri wa tovuti hiyo, alishiriki kuanzisha Daily Wire mwaka 2015, ambayo kwa sehemu kubwa imejengwa juu ya ada za wanachama wanaolipa kila mwezi au kila mwaka. Mchapishaji wa namna hiyo hategemei tena kampuni inayoweza kuondoka kwa aibu, bali msomaji mwenyewe, na habari itakayomuudhi msomaji huyo ndiyo sasa yenye gharama kubwa kuichapisha.