Kupooza si ugonjwa mmoja: tuambie ni wapi na tangu saa ngapi

Ndugu wengi hufika katika kitengo chetu cha mishipa ya fahamu wakisema "mgonjwa amepooza", kisha wanaishia hapo. Kupooza ni dalili. Kasoro inaweza kuwa kwenye ubongo, uti wa mgongo, neva au misuli yenyewe, na sehemu iliyopooza ndiyo hutuonyesha pa kuanzia.

Mkono na mguu wa upande mmoja vikipooza ghafla, tunashuku kiharusi. Miguu yote miwili ikipooza na mikono ikabaki salama, mara nyingi tatizo liko kwenye uti wa mgongo, chini ya shingo. Viungo vyote vinne vikipooza, tunachunguza shingo; lakini udhaifu ulioanzia miguuni ukapanda siku hadi siku huenda ni kinga ya mwili kushambulia neva, na huweza kufika kwenye misuli ya kupumulia. Mgonjwa huyo asisubirishwe nyumbani hata usiku mmoja.

Mdomo kwenda upande nao si lazima uwe kiharusi. Neva ya uso ikiathirika, paji la uso hulegea na jicho halifumbi, ilhali kiharusi kwa kawaida hakigusi paji. Hata hivyo, kutofautisha hayo ni kazi ya daktari, si ya jirani.

Kwa kiharusi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, kuonyesha kwamba damu haijavuja ubongoni. Aliyeamka amepooza, tunahesabu tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho. Usimpe mgonjwa aspirini, chakula wala maji. Tumelisema hili mara nyingi, na bado wagonjwa wanaletwa siku ya tatu wakiwa wamekandwa mafuta tu.

Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea kiungo ghafla, lazima taarifa itolewe, hata kama alipata chanjo zote za polio. Tunachukua sampuli mbili za kinyesi, zikipishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee, na kuzihifadhi kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Siku ya 60 mtoto hupimwa tena. Mzazi, kuombwa sampuli si kutuhumiwa kukwepa chanjo. Tunatafuta kirusi cha polio kabla hakijamfikia mtoto mwingine.